Kitengo cha chuo kikuu cha majengo ya kijani: walivyotusaidia darasa la chekechea hapa Mtwara, na habari ya kile cheti

Naandika hii kwa ajili ya mtu yeyote wa huku kusini anayetaka kujenga na ameskia kuna watu wa chuo kikuu wanasaidia mambo ya majengo ya kijani, yaani majengo yanayobana umeme, maji na vifaa, maana mimi kabla sijawaita nilitafuta sana mtu aliyewatumia anipe ukweli, nikakosa. Jina la chuo sitaandika. Nina mengi ya kuwasifu na mawili ya kulalamika, na wale vijana waliokuja walifanya kazi kwa moyo, sitaki kesho waitwe ofisini kwa sababu yangu. Ni chuo cha Dar, kina kitengo cha kushauri miradi midogo ya mikoani na kusaidia watu kupata vyeti vya majengo ya kijani, basi inatosha.

Nina chekechea ndogo Mangamba. Darasa la kwanza tulijenga kama kila mtu anavyojenga, bloku za simenti, bati la rangi ya maruni, na madirisha makubwa tukayaweka upande wa magharibi kwa sababu barabara iko huko na tulitaka jengo lionekane. Ikifika Novemba, Desemba, mvua haijashika vizuri, lile darasa yaani hata mtu mzima hakai. Watoto wanalalia madaftari. Kulikuwa na katoto kamoja ka miaka minne, kila siku ikifika saa tano kanavua shati, kanalikunja vizuri, kanaliweka chini ya kiti, mwalimu akikavalisha kanalia. Mwanzo tulikuwa tunakagombeza. Mimi nilikuja kuelewa siku niliyokaa kwenye kile kiti chake mwenyewe nusu saa nasubiri mzazi, nikatoka kanga imelowa mgongoni. Feni tukafunga mbili, luku ikawa inakwisha kama maji na feni inazungusha joto lile lile.

Sasa tulipopata hela kidogo ya korosho tukataka kuongeza madarasa mawili, nikasema sirudii kosa. Shemeji yangu aliyeko Dar ndo aliyenipa habari za hicho kitengo, nikawaandikia, wakajibu baada ya wiki tatu. Masharti yao yalikuwa hivi: ushauri hulipii kwa sababu wanafunzi wanakuja kama sehemu ya mafunzo yao, we unagharamia nauli, malazi na chakula cha watu watatu, na unalipia kupima udongo maabara. Kwangu ilikuwa bei nzuri. Msanifu wa kawaida angenichorea ramani tu kwa hela zaidi ya hiyo na pengine Mangamba asingefika.

Walikuja Novemba, mhadhiri mmoja mama wa makamo na vijana wawili. Nilikuwa nimeshaandaa ramani mezani na soda. Yule mama ramani hakuiangalia kwanza, aliomba kiti cha mtoto, akaenda kukaa ndani ya lile darasa la zamani kuanzia saa sita mpaka saa tisa na kipimajoto amekiweka usawa wa kichwa cha mtoto. Kijana mmoja yuko nje chini ya mwembe na kipimajoto kingine. Saa nane ndani ilisoma 36, nje kwenye kivuli 32. Akanigeukia akaniambia, "Mama Mwalimu, hawa watoto wangekaa chini ya mwembe ingekuwa nafuu." Nilijisikia vibaya sana lakini ndo ukweli wenyewe.

Halafu akanionyesha kwa nini. Bati la rangi nzito linabeba jua, linapata moto, na kwa sababu hatukuweka silingi ule moto unashuka moja kwa moja kichwani mwa mtoto. Hata upepo upite vipi, bati lenyewe linakuchoma kama umekaa karibu na jiko. Bati jeupe au la rangi ya maziwa linarudisha sehemu kubwa ya jua juu, na silingi yenye matundu ya kutolea hewa pembeni inakata kilichobaki. Mambo mawili tu hayo, na wala si ya gharama ya ajabu, ila duka la bati ukienda wanakuuzia maruni na bluu kwa sababu ndo fasheni.

La madirisha ndo lililonifungua macho zaidi. Alisimamisha kijiti mchangani saa sita na robo hivi, tukaangalia kivuli. Kilikuwa kifupi sana. Akasema Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, na siku zilizobaki mchana haliendi mbali sana na utosi. Maana yake ukuta wa kaskazini na wa kusini unaukinga kirahisi, ezeko likitoka nje ya ukuta futi tatu tu jua la mchana halifiki dirishani. Tatizo ni mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni linaingia limelala, hakuna ezeko litakaloliziba. Na sisi madirisha yetu yote magharibi!

Halafu upepo. Hapa fundi wetu, mzee mmoja wa Kimakonde ambaye muda wote alikuwa kimya, akaingilia akasema kusi inatoka kusini, kaskazi inatoka kaskazini, wavuvi wote wanajua, kwa hiyo ukitoboa madirisha pande hizo mbili unapata upepo mwaka mzima. Mhadhiri akaandika. Kaskazi inavuma kuanzia Novemba mpaka Machi, ndo miezi yetu ya joto kali, kusi inashika kuanzia Aprili. Yaani pande zile zile ambazo jua haliingii ndo pande upepo unakotoka. Nimeishi hapa maisha yangu yote na hilo sikuwahi kulipanga kichwani. Jengo jipya likageuzwa pale pale kwenye karatasi, refu likaelekea mashariki na magharibi, madirisha kaskazini na kusini yanatazamana, na ukuta wa magharibi hauna tundu hata moja.

Siku ya pili walitaka kwenda Mikindani kuangalia nyumba za zamani, tukaenda wote na fundi. Zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, ukiingia ndani unahisi ubaridi, dari ya boriti za mikoko. Boma la Wajerumani nalo lipo pale, la 1895. Fundi akasema si tujenge hivi hivi sasa kama mababu. Hapa nilimpenda yule mama kwa sababu hakutuambia tu ya zamani ni mazuri. Alisema mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma matumbawe ndo vilivyomaliza miamba mingi ya samaki pwani hii, na kuichoma chokaa yenyewe kunakula kuni nyingi, na mikoko sasa hivi kukata mpaka kibali, na sisi hapa tuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma tangu 2000. Kwa hiyo tuchukue akili ya zile nyumba, unene, kivuli, upepo kupita, tuache malighafi zake. Hayo maneno nimeyarudia kwa watu wengi.

Kwenye tofali ndo tulikaa muda mrefu na hapa nataka watu wanielewe vizuri kwa sababu kuna maneno mengi yanasemwa. Walishauri tofali za kufungamana, yaani za udongo uliochanganywa na simenti, zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe ukizipanga, zile ambazo Wakala wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, pale Mwenge wamezifundisha miaka mingi. Kwanza udongo. Wanafukua futi moja ya juu wanaitupa kwa sababu ina mizizi, wanachukua wa chini. Kijana akafinyanga donge kama ngumi, akaliachia kutoka usawa wa kifua. La kwetu lilipasuka likasambaa kama unga, akasema mchanga umezidi. Akajaza udongo theluthi moja ya chupa ya maji, akaweka maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiacha dirishani usiku kucha. Asubuhi unaona kabisa tabaka, mchanga mwingi chini, katikati udongo laini, juu ufinyanzi kamstari kembamba kama unene wa kidole cha mwisho. Kwa hiyo tulilazimika kuchanganya na udongo mzito wa bondeni. Fundi ile chupa aliiomba, iko kwake mpaka leo, kila saiti anayokwenda anafanya hivyo hivyo.

Sasa hesabu. Watu wanasema tofali za kufungamana zinatumia simenti kidogo sana. Ni kweli kwa tofali moja moja, ila ukihesabu kwa ukuta mambo yanabadilika. Tofali moja ya kufungamana ina sentimita 30 kwa 10 usoni, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 33. Sisi mfuko mmoja wa simenti ulitupa tofali 65 hadi 70, yaani kama mita mbili za ukuta. Bloku za inchi sita tulizofyatua kwa darasa la zamani mfuko ulitoa kama 30, na mita moja inakula kama 10, yaani mita tatu za ukuta kwa mfuko. Umeona? Kwenye tofali peke yake bloku inashinda! Nafuu inakuja kwa sababu za kufungamana hujengi kwa udongo wa simenti katikati ya kozi na huna haja ya kupiga plasta ndani na nje. Plasta ndo inayokula mifuko. Kwa hiyo ukijenga za kufungamana halafu ukapiga plasta pande zote kwa sababu mama mkwe anasema ukuta umebaki uchi, umepoteza faida yote. Nilimwuliza mhadhiri waziwazi, akakubali, na akasema ndo maana wanasisitiza tofali zitoke safi na zimwagiliwe vizuri, siku saba chini ya turubai zisikauke ghafla, ili ukuta upendeze wenyewe.

Nilimwuliza pia, simenti si inatengenezwa hapa hapa Mtwara, kiwanda cha Dangote kiko pale, kuna haja gani ya kubana? Akasema umbali ni nafuu kweli, lori halisafiri, lakini moshi mkubwa wa simenti hautoki kwenye lori, unatoka kwenye tanuru. Mawe ya chokaa yanachomwa mpaka nyuzi 1,450 hivi na jiwe lenyewe likiungua linatoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo mfuko wa Mtwara na mfuko wa Dar kwenye hilo havipishani sana. Nilikuwa sijui.

Malalamiko ya kwanza ni ripoti. Walituahidi wiki tatu, ikachukua zaidi ya miezi miwili, wakati huo fundi ananiuliza kila siku na bei ya bati inapanda. Na ilipokuja ilikuwa kurasa 44 za Kiingereza kitupu. Jamani. Udongo umechimbwa Mangamba, fundi yuko Mangamba, darasa ni la watoto wa Mangamba, ripoti nani aisome? Nilikaa na fundi jioni nne na taa, namtafsiria mstari kwa mstari, kuna maneno hata mimi niliyakwepa. Mzee wa watu amejenga miaka 30, anaelewa kuliko wengi, ila karatasi ilimfanya aonekane kama hajui kitu. Hilo liliniuma kuliko hata kuchelewa. Nikawaandikia, na nawashukuru walisikia, walituma karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro na vipimo, ile moja ndo iliyojenga darasa. Zile 44 ziko kabatini.

Malalamiko ya pili ni cheti. Mwanzoni walikizungumzia kana kwamba kipo ndani ya huduma, mtajenga, mtapata cheti cha EDGE, mtabandika ukutani, wafadhili wataona. EDGE ni mfumo wa IFC, ile ya Kundi la Benki ya Dunia, na sharti lake nalipenda kwa sababu linaeleweka: jengo lako liokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji, na asilimia 20 kwenye vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la eneo lako. Programu yake iko mtandaoni bure, vijana walinifungulia tukaingiza vipimo vyetu pamoja, nishati na vifaa tukavuka, maji yakagoma mpaka tulipobadilisha mabomba ya kunawia na vyoo. Hiyo jioni ilikuwa na faida kubwa, unabadilisha rangi ya bati pale unaona namba zinasogea.

Ila cheti chenyewe ni kitu kingine. Kuna ada ya kusajili na kuhakikiwa, na lazima mkaguzi anayetambulika apitie michoro, na jengo likiisha akague tena ndo upate cheti kamili. Tulipopigiwa hesabu yote kwa dola ikakaribia hela ya kuezeka darasa moja. Nikasema hapana, naezeka darasa. Wangeniambia siku ya kwanza nisingewatangazia wazazi kwenye kikao kwamba tunapata cheti cha kimataifa, ilibidi niite kikao kingine nijieleze, na kuna mzazi mpaka leo anaamini tumekula hela.

Sisemi cheti hakina maana. Ukijenga hoteli Lindi au Kilwa, au hosteli kubwa, au ofisi za kupangisha makampuni ya gesi, kitafute, kwa sababu kuna benki na wapangaji wanaoulizia na gharama inagawanyika kwenye vyumba vingi. Kuna mifumo mingine pia kama LEED ya Marekani, hiyo ni ya kuhesabu pointi, 40 unapita, 80 kwenda juu ndo daraja la juu kabisa. Lakini kwa mtu wa madarasa mawili au nyumba ya familia, chukua ushauri wao, tumia ile programu ya bure mpaka uone umevuka, kisha hela yako weka kwenye bati jeupe na silingi. Na kitengo kama hiki cha chuo cha umma kingeweza kabisa kuwa na karatasi yao ya bei ndogo ya kuthibitisha majengo madogo. Niliwaambia hivyo na nitaendelea kuwaambia.

Jambo la maji nalo niliseme maana liligeuka kuwa zuri. Paa la madarasa mawili lina kama mita 120 za mraba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya paa ni lita moja, Mtwara tunapata kama milimita 1,000 kwa mwaka, toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 96,000. Mimi nikapiga vigelegele. Mhadhiri akanituliza, yote hiyo inanyesha kati ya Novemba na Aprili au Mei, baada ya hapo hakuna tone, kwa hiyo swali ni tanki lako linabeba kiasi gani. Bibi yangu Newala analijua hilo vizuri, kule juu uwanda wa Makonde maji ni ya shida tangu enzi, watu wanachimba mashimo ya kuhifadhi mvua nyumbani. Tukajenga tanki la chini badala ya kununua simtanki tatu.

Na ni bibi huyo huyo aliyegundua walichosahau. Aliangalia mchoro akauliza, na salfa? Mashamba ya korosho yametuzunguka, kuanzia Juni watu wanapulizia salfa ya unga, upepo unaileta yote kwenye mabati. Mvua ya kwanza inaishusha tankini wanywe watoto? Wale vijana walinyamaza, hawakuwa wamelifikiria kabisa, na mhadhiri alivua miwani akamwambia, "Shikamoo tena bibi." Wakaongeza bomba la kusimama lenye kizibo chini, mvua za mwanzo zinajaa humo unazimwaga, ndo maji safi yanakwenda tankini. Sasa kila Oktoba tunafagia paa pia, na maji ya kunywa tunachemsha kama kawaida.

Madarasa yalianza kutumika Januari, zaidi ya mwaka mmoja baada ya wao kuja. Februari nikafanya kama yule mama, kiti cha mtoto, kipimajoto, saa nane mchana. Nje chini ya mwembe 32, ndani ya darasa jipya 31. Siwaambii ni baridi, ni Mtwara hii, lakini watoto wanaimba mpaka saa saba na feni hatujafunga kabisa. Siku hiyo hiyo la zamani lilisoma 36 tena. Kale katoto ka shati kameshaenda darasa la kwanza shule nyingine, hakakuwahi kukaa humu, na kila nikiingia nakakumbuka.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja wataipata wakianza kuandika Kiswahili na kutaja gharama ya cheti siku ya kwanza. Ukiwaita, waombe mambo matatu kabla hujatuma nauli: ripoti fupi ya Kiswahili kwa fundi, tarehe ya ripoti kwa maandishi, na bei ya cheti yote mpaka mwisho. Na fundi wako awepo siku zote wakiwepo, mlipe hizo siku, maana nusu ya mambo ya maana yalitoka kwake na kwa bibi.

Likizo ya Juni tunarudi kwenye lile darasa la zamani. Tunaziba madirisha ya magharibi, tunatoboa kaskazini na kusini, tunapaka bati rangi nyeupe na kuweka silingi. Mchoro wameshanitumia, ukurasa mmoja, Kiswahili, fundi ameubandika ukutani kwake pembeni ya ile chupa.